Trekta lako ni kuukuu? Usikimbilie oili ya sintetiki

Msimu wa kulima unakaribia na simu zimeanza kama kawaida. Zamani nilikuwa napigiwa kuhusu mbegu, mbolea na viwavijeshi tu. Sasa hivi vijana wengi mmenunua matrekta ya mtumba, mnalima mashamba yenu na mnalimia watu kwa ekari. Kwa hiyo swali ninalopata karibu kila wiki ni hili: "Bwana shamba, trekta yangu ni ya zamani, niweke oili ya sintetiki au ile ya kawaida?"

Sitawazungusha. Kwa matrekta mengi mliyonayo, yaani Massey Ferguson 135, 165, 240, 290, Ford za miaka ile na ndugu zao, msimamo wangu ni huu: weka oili ya kawaida (ile wanayoiita mineral) yenye daraja sahihi, imwage kwa wakati, na hela inayobaki ipeleke kwenye filta, sili na nozeli. Sintetiki ni oili nzuri, sibishi. Lakini ubora wake mkubwa ni ule ambao injini kuukuu haiwezi kuutumia.

Najua wapo watakaosema bwana shamba anataka tubaki nyuma. Hapana. Niliwahi kusema kinyume cha haya ninayosema leo, na waliolipa gharama walikuwa vijana wenzenu.

Ushauri nilioutoa kwa simu

Misimu mitatu iliyopita, kikundi cha vijana wanane katika bonde la Kilombero walinunua Massey Ferguson 290 iliyotumika. Walikopa, wakachangishana, mmoja akauza kiwanja. Mpango ulikuwa kulimia watu mashamba ya mpunga. Kabla ya msimu mwenyekiti wao alinipigia akiwa dukani mjini. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba injini ikizeeka ndiyo inahitaji sintetiki, tena oili hiyo inakaa mpaka saa 500 bila kumwagwa.

Mimi ni mtu wa diploma ya kilimo. Zana tulisoma, lakini si fundi wa injini. Nilikuwa nimesoma sehemu kwamba sintetiki ni bora kuliko mineral kwa kila kitu. Nikamjibu, "Mwenyekiti, chukua hiyo ya sintetiki. Kizuri kina gharama." Simu ile haikufika dakika tatu.

Sikumuuliza injini inavuja wapi. Sikumuuliza inatoa moshi gani. Sikumuuliza kama mita ya saa inafanya kazi. Ilikuwa imekufa zamani.

Siku ya pili ya kulima oili ilikuwa nyeusi tii. Wakashangaa, ila wakajipa moyo kwamba ndiyo inasafisha. Wiki ya tatu oili ikaanza kudondoka pale injini inapoungana na nyumba ya klachi. Dereva akawa anaongezea oili yoyote anayoipata kijijini, maana ile ya bei iko mjini na barabara ni matope. Na kwa kuwa wameambiwa saa 500, hakuna aliyewaza kumwaga. Mwishoni mwa Desemba klachi ikaanza kuteleza. Siku chache baadaye injini ikanoki katikati ya jaruba.

Wale waliokuwa wamelipa hela ya kulimiwa walitaka hela zao, na hela zilishaingia kwenye oili na dizeli. Mvua haimsubiri mtu. Kuna kaya zilichelewa kupanda kwa sababu ya trekta lile. Mkopo nao ulikuwa na tarehe zake.

Nilikwenda na fundi mmoja mzee tunayemheshimu sana kule. Alifungua injini taratibu, akapitisha kidole kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye filta, akanionyesha. Mpira umepasuka kwa chini. Ndani ya bomba kuna vumbi.

"Unaona, kijana wangu? Hii imekunywa mchanga."

"Shida ni oili, mzee?"

"Oili ilikuwa nzuri. Wameiacha mpaka ikawa chafu. Oili nzuri ikishakuwa chafu, ni oili chafu."

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, sisi tulikusikiliza." Ningependelea angenitukana.

Tangu siku ile nikaanza kujifunza mambo haya vizuri, kwa vitabu vya matrekta yenyewe na kwa kukaa na mafundi. Ninayoandika hapa chini ndiyo ambayo ningetakiwa kumwambia siku ile kwenye simu.

Tofauti yenyewe ni ipi?

Oili yoyote ya injini ina vitu viwili: oili ya msingi, na dawa zinazochanganywa humo ili kusafisha, kuzuia kutu, kuzuia msuguano na kuua asidi. Oili ya kawaida msingi wake unatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Chembe zake ni za ukubwa tofauti tofauti. Sintetiki msingi wake umetengenezwa au kujengwa upya kiwandani, hivyo chembe zake zinafanana zaidi. Kwa sababu hiyo inapita kwa urahisi kwenye baridi kali, inavumilia joto kubwa na inachelewa kuzeeka.

Hapo kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, inagawa oili za msingi katika makundi matano. Mwaka 1999 kulikuwa na mgogoro wa matangazo Marekani kati ya Mobil na Castrol: je, oili ya kundi la tatu, ambayo inatokana na mafuta ghafi ila imechakatwa sana, inaruhusiwa kuitwa sintetiki? Jibu lililotoka lilikuwa ndiyo. Tangu hapo neno "sintetiki" kwenye galoni halikuambii sana kilichomo ndani. Unaweza kulipa bei kubwa kwa ajili ya jina.

Sasa tuangalie zile faida tatu, moja moja, tukilitazama trekta letu.

Baridi kali. Namba ya kwanza kwenye galoni, ile yenye herufi W, inaeleza oili inavyopita injini ikiwa ya baridi. Oili ya 15W imetengenezwa kuwezesha injini kuwaka hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata Makete na Njombe, ambako Juni na Julai baridi inaunguza viazi shambani, hatufiki huko. Ukilipia 5W au 0W kwa ajili ya baridi ya Tanzania, umenunua koti la theluji ukaenda nalo Ifakara.

Joto kubwa. Faida hii inaonekana sana kwenye injini yenye tabo, kwa sababu pale tabo inapozunguka joto ni kali mno. Injini nyingi za Perkins zilizo kwenye Massey za zamani hazina tabo. Zikichemka, mara nyingi ni rejeta iliyojaa makapi, mkanda wa feni umelegea au maji yamepungua. Oili ya bei haitaondoa makapi kwenye rejeta.

Kuchelewa kuzeeka. Hii ndiyo wanayoiuzia: "Inakaa muda mrefu." Ni kweli inakaa, kama itabaki safi. Injini kuukuu ringi zake zimelika, moshi na masizi vinapenya kushuka kwenye oili, nozeli zilizochoka zinadondosha dizeli ambayo haijaungua, na vumbi linaingia. Kwa hiyo oili haifi kwa uzee, inakufa kwa uchafu. Masizi hayajali kama oili ni ya shilingi ngapi.

Tufanye hesabu, maana kilimo ni biashara

Bei zinabadilika na kila mji una yake, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Wewe weka za dukani kwako.

Tuseme injini inachukua lita 7. Lita moja ya oili ya kawaida ni shilingi 9,000, ya sintetiki ni 25,000, na filta ya oili ni 15,000.

- Servisi moja kwa oili ya kawaida: 63,000 + 15,000 = 78,000
- Servisi moja kwa sintetiki: 175,000 + 15,000 = 190,000

Tuseme msimu mzima unafanya saa 600 na unamwaga kila baada ya saa 150. Hizo ni servisi nne.

- Oili ya kawaida: 312,000
- Sintetiki: 760,000

Tofauti ni 448,000. Ili sintetiki irudishe hela yake, servisi moja ingebidi ikae zaidi ya saa 365 badala ya 150. Sasa niambie, wewe mwenye injini inayofanya oili iwe nyeusi siku ya pili, utathubutu kuiacha mpaka saa 365? Ukithubutu, yatakukuta yale ya wenzako wa Kilombero. Usipothubutu, umetupa 448,000.

Hela hiyo hiyo inaweza kupima na kusafisha nozeli, kubadilisha mipira ya hewa na vibano vyake, kununua filta za dizeli za akiba na kurekebisha mita ya saa. Vitu hivyo vinaongeza umri wa injini kuukuu kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye galoni.

Kuhusu ule uvumi kwamba sintetiki inatoboa sili

Huu nao tuuseme kwa haki. Sintetiki za leo hazili sili. Kinachotokea ni kwamba sili ya zamani imekauka na kupasuka, na pale kwenye ufa pamejaa tope la oili la miaka mingi. Tope ndilo limeshikilia. Ukiweka oili mpya yenye dawa nyingi za kusafisha, tope linaondoka na uvujaji unajitokeza. Uvujaji ulikuwepo, ulikuwa umefunikwa. Hata oili ya kawaida ya daraja la juu inaweza kufanya hivyo, ila ukidondosha lita ya 9,000 inauma kidogo kuliko kudondosha lita ya 25,000.

Na usiogope kama tayari umeweka sintetiki. Oili za injini za sintetiki na za kawaida zinachanganyika. Ukikwama porini ukaongezea nyingine yenye unene uleule, injini haitafungana kwa sababu hiyo. Servisi ijayo rudi kwenye ile uliyochagua, basi.

Cha kusoma kwenye galoni

Mimi siku hizi kijana akiniambia "nimeweka sintetiki" au "nimeweka mineral", namuuliza: imeandikwaje? Kuna mambo mawili ya kusoma.

Kwanza ni unene. Kwa mazingira yetu 15W-40 inatosha kwa dizeli nyingi za zamani, hata zile ambazo kitabu chake kinataja SAE 30 peke yake, maana wakati kile kitabu kinaandikwa oili za namna hii hazikuwa zimeenea. Elewa pia kwamba injini ikishapata moto, 5W-40 na 15W-40 ziko daraja moja la unene, yaani 40. Injini iliyolika sana na inafanya kazi kwenye joto, mafundi wengine wanaipa 20W-50 ili presha ya oili isishuke. Inasaidia kusogeza siku. Haiponyi injini.

Pili ni daraja la API. Oili ya dizeli inaanza na herufi C. CF-4 ilianza mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CK-4 mwaka 2016. CI-4 ya kawaida inafaa pale palipotakiwa CF-4 au CH-4, na kwangu mimi ndiyo chaguo la kwanza kwa trekta la zamani. Ukiona galoni ina herufi inayoanza na S peke yake, hiyo imelenga injini za petroli. Iache.

Halafu kuna feki. Oili bandia na oili iliyotumika ikachujwa na kurudishwa kwenye galoni vipo sokoni, na bidhaa ya bei kubwa ndiyo inayovutia zaidi wa kughushi. Angalia sili ya mfuniko, alama ya TBS, namba ya toleo, na dai risiti ya EFD. Galoni ikiisha, itoboe au ikate kabla ya kuitupa, usimpe mtu wa kujazia.

Hatari kubwa haiko kwenye injini

Tunabishana kuhusu oili ya injini wakati makosa ya gharama zaidi nayaona nyuma ya trekta: giaboksi, difu, haidroliki na breki. Huku ukikosea aina, haijalishi ni sintetiki au ya kawaida.

Matrekta mengi hutumia oili moja kwa giaboksi, difu na haidroliki, na baadhi yana breki zinazozama ndani ya oili hiyo hiyo. Oili ya namna hii inaitwa UTTO. Imewekewa dawa maalumu ili breki zishike bila kupiga kelele na pampu ya haidroliki ipate ulaini wake. Kijana akiweka pale oili nzito ya giaboksi ya lori kwa kuwa "ni oili ya gia", breki zinaanza kulia, haidroliki inanyanyua jembe kwa kusuasua, na sahani za breki zinalika. Kuna nyingine inaitwa STOU, ambayo imetengenezwa kutumika kwenye injini na nyuma pia. Kitabu cha trekta lako ndicho kinachosema ipi inaruhusiwa.

Kwenye giaboksi zinazotaka oili ya gia, angalia kama kitabu kinasema GL-4 au GL-5. Watu wanadhani tano ni bora kuliko nne. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi, na kwenye giaboksi za zamani zenye vipande vya shaba inaweza kuvila taratibu. Kama kitabu kinasema GL-4, weka GL-4.

Breki za maji ndizo ninazoogopa kuliko zote. Baadhi ya matrekta yanatumia maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4, mengine yanatumia oili ya madini kwenye mfumo wa breki. Mipira ya ndani ni tofauti. Ukibadilisha moja kwa nyingine, mipira inavimba au inalainika, na unagundua siku unashuka mlima na tela la mpunga nyuma. DOT 5 nayo ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Soma maandishi kwenye mfuniko wa tangi la breki. Kama yamefutika, uliza fundi anayeijua aina hiyo ya trekta kabla hujamimina chochote.

Basi sintetiki inafaa wapi?

Nisiwe mchoyo. Nitakuunga mkono kununua sintetiki ikiwa:

1. Trekta lako ni la karibuni, lina tabo, na kitabu chake kinaitaka. Hapo usibane hela.
2. Injini imefanyiwa ovaholi, imeshazoea kwa oili ya kawaida kama fundi alivyokuelekeza, haivuji, na unafanya kazi za mkataba saa nyingi kila siku.
3. Una mita ya saa inayofanya kazi na daftari linaloandikwa kweli.

Wengi tunakosa hilo la tatu.

Ukinunua trekta la mtumba, anza hivi

1. Siku ya kwanza mwaga oili yote ya injini na ubadilishe filta. Aliyekuuzia anaweza kuwa ameweka oili nzito ili kuficha kelele.
2. Weka 15W-40 CI-4 ya kawaida. Fanya kazi saa 50, mwaga tena pamoja na filta. Hapo unaosha tope la miaka.
3. Baada ya hapo fuata kitabu. Matrekta mengi ya aina hii vitabu vyake viko kati ya saa 100 na 250. Kwenye vumbi kali na injini iliyochoka, mimi nasema kaa upande wa chini.
4. Kama mita imekufa, andika saa ya kuwasha na ya kuzima kila siku. Daftari la shule la mia tano linatosha.
5. Pima oili kwa stiki kila asubuhi, trekta likiwa sehemu ya tambarare, kabla ya kuwasha. Andika ulichoongeza. Ukiona unaongeza lita kila siku mbili, hilo ni tatizo la fundi.
6. Angalia njia ya hewa kila siku wakati wa vumbi. Massey nyingi za zamani zina filta ya hewa yenye bakuli la oili chini. Bakuli likijaa tope, lioshe na uweke oili mpya mpaka kwenye alama. Usizidishe.
7. Oili uliyomwaga usiimwage kwenye mfereji wala karibu na kisima, na usiitumie kupaka banda la mifugo. Ihifadhi kwenye dumu na uipeleke kwa wanaokusanya.

Lakini fundi wangu amesema...

Najua. Kuna fundi atakwambia sintetiki tu, mwingine atakwambia ukiiweka injini inakufa. Wote wawili waulize swali moja: "Kwa nini, kwa injini hii?" Fundi mzuri atauliza kuhusu moshi, uvujaji, presha ya oili na saa ulizofanya kabla hajataja galoni. Anayetaja galoni kwanza anafanya kosa nililolifanya mimi.

Kuna na dereva. Wenye trekta wengi mnanunua oili ya bei ili mlale usingizi, halafu dereva anayelipwa kwa ekari hana sababu ya kuzima na kupima. Ongeza kidogo kwenye malipo yake kwa ajili ya daftari lililojazwa vizuri. Utakuwa umenunua kilainishi cha nguvu kuliko vyote vya dukani.

Wale wa Kilombero

Walitengeneza injini. Iliwachukua muda na walibaki watano, watatu walikata tamaa wakaenda kwenye bodaboda. Leo wanatumia 15W-40 CI-4 ya kawaida, wanamwaga kila saa 150, na daftari limefungwa kwa waya nyuma ya kiti cha dereva. Msimu uliopita nilipopita kuwasalimia, mwenyekiti alinionyesha ukurasa wa siku ile kabla hata hajanipa kiti. Alikuwa ameandika kwa mkono wake: oili sawa, hewa safi, vibano vimekazwa.

Basi, ndugu zangu, kabla hujanipigia kuniuliza sintetiki au ya kawaida, nenda kwenye trekta lako na uje na majibu haya manne: linavuja wapi, linatoa moshi wa rangi gani, limefanya saa ngapi tangu oili ya mwisho, na kitabu chake kinasemaje. Ukiwa nayo tutaongea vizuri. Usipokuwa nayo nitakurudisha ukayatafute, na safari hii usinione mkali.

Niwatakie msimu mwema na mvua za kutosha.